Bustani ya Chini ya Mghuwaifu

Mti wenyewe ulikuwa mzuri, hilo lisisahaulike. Mtu aliyefika kwa Bi Khole kule Bawshar adhuhuri ya jua kali, akasimama chini ya ule mghuwaifu, alimshukuru Mungu kabla hajapiga hodi. Ulikuwa umetanda ukafunika nusu ya ua, na majani yake madogo madogo yaliuchuja mwanga ukafika chini umeshapoa. Miiba ulikuwa nayo, tena mirefu, na maganda yake ya manjano yalidondoka hata pasipo upepo. Lakini kivuli ni kivuli, na Muscat si mji wa mtu kuchagua kivuli.

Chini yake hapakuwa na kitu, hata nyasi. Phyllis, Mkenya aliyefanya kazi nyumbani humo, alipafagia kila asubuhi, na kwa kuwa palifagiwa kila asubuhi, hakuna aliyewahi kujiuliza pasingefagiwa pangeota nini.

Aflah naye hakujiuliza, na kama kuna mtu aliyepaswa kujiuliza ni yeye. Mwaka ule wa 1999 alikuwa ametoka chuo kikuu na shahada ya kilimo. Kazi alikuwa hajapata, lakini moyo wake ulikuwa umejaa hadi unamwagika. Aliamini kwamba hakuna ardhi mbaya, kuna ardhi isiyopendwa. Alimwambia hivyo kila aliyekubali kusikiliza. Jamaa zake, watu waliotoka Unguja na kuanza maisha upya nchini humo, walimsikiliza kwa fahari, na kwa kuwa huko msomi wa kilimo naye huitwa mhandisi, jina likamganda: Mhandisi.

Oktoba ya mwaka huo Ami Harub alifariki. Alikuwa mume wa Bi Khole, na Bi Khole ni shangazi yake Aflah, dada wa baba yake, aliyemlea nusu ya utoto wake. Harub alianguka akitia udhu wa alasiri, na kabla ya magharibi alikuwa ameshazikwa. Bi Khole akaingia eda, akakaa kwenye chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama ua. Hakutoka, hakujitia udi wala manukato, hakuvaa ua kichwani. Wanaume wa kando hawakumwona. Aflah, kwa kuwa ni mtoto wa kaka yake, aliruhusiwa kuingia, na aliingia kila Ijumaa baada ya sala.

"Shangazi," alimwambia Ijumaa moja, "dirisha lako hili linatazama nini?"

"Linatazama mti. Na ukuta. Na Phyllis akianika nguo. Kwani weye unaona nini zaidi?"

"Mimi naona bustani."

"Macho yako mazuri, mwanangu. Mie nnaona vumbi."

Ndipo akamweleza. Pale chini ya mti angepanda asumini, na mrihani, na mawaridi mawili matatu, na pembeni nyanya, ili Phyllis achume za mchuzi. Msimu ulikuwa ndio huo, joto lilikuwa limeshavunjika. Mpaka Bi Khole atoke eda, asumini ingekuwa imechanua, na ua la kwanza angelichuma kwa mkono wake mwenyewe.

Bi Khole aligeukia dirisha. Tangu msiba, hilo ndilo neno la kwanza aliloambiwa lenye kesho ndani yake.

"Asumini," alisema. "Haya, Mhandisi. Nitaliwekea hilo dirisha kiti."

Aflah alifanya kazi kwa mikono yake. Alichimba, akalainisha udongo, akaleta samadi kutoka Mabela kwenye gari la baba yake, na gari likanuka mbuzi mwezi mzima. Na kwa sababu alikuwa na imani kwamba katika shamba hakuna taka, aliyakusanya majani na maganda yote yaliyodondoka chini ya mghuwaifu, akayakatakata, mengine akayachanganya na udongo na mengine akayatandaza juu yake kuhifadhi maji.

"Hapa hatutupi kitu," alimwambia Phyllis. "Mti unawalisha wadogo zake."

"Mimi siku zote nikiyatupa kumbe nilikuwa nikitupa chakula," Phyllis alisema. "Si ungekuja mapema, mgongo wangu ukapumzika."

Bi Khole aliyaona yote hayo kutoka dirishani, na wakati mwingine alipiga kioo kwa pete yake kuonyesha kwamba waridi limekaa upande.

Nyanya ndizo zilizoanza. Zilisinyaa kama zimemwagiwa maji ya moto, na udongo wake ulikuwa na maji. Aflah alizitazama, akashika kidevu, akasema maji yamezidi. Basi Bi Khole akamwita Phyllis, akamkemea mbele yake: nyumba hii si bwawa, binti, hujui hata kushika mpira wa maji. Phyllis akainamisha kichwa. Aflah alikuwa amesimama pale pale. Hakuwa na hakika na alilolisema, lakini lilikuwa limeshatoka, na ulimi hauna mfupa wa kuurudisha.

Maji yakapunguzwa. Mrihani ukageuka manjano kuanzia chini kwenda juu. Mawaridi yakapukutisha majani yakabaki vijiti. Ilikuwa Novemba inakwisha, hewa imepoa, kila bustani ya Bawshar imefunguka maua, kwa hiyo hata jua halikuweza kusingiziwa. Mwisho asumini, iliyokuwa imekwishashika waya wa ukutani, ikaning'inia.

Ijumaa iliyofuata Aflah alimkuta Bi Khole amekigeuza kiti. Alikuwa ameligeuzia dirisha mgongo.

"Kwenu, kwa mama yako Masouda, mimea yako inakufa?" alimuuliza.

"Hapana, shangazi."

"Kwa jirani?"

"Hapana."

"Basi ni hapa tu."

Bi Khole alivuta ushungi wake, akaushika pembe kwa vidole kama mtu anayehesabu tasbihi.

"Nitakwambia jambo, na usilipeleke kwa mama yako. Huo mti unajua nani kaupanda?"

"Ami Harub."

"Unajua kwa nini?"

Bi Khole akamsimulia. Walipokuja kutoka Unguja, Harub alikuwa kijana, na kila alikokwenda, ofisini, dukani, hata msikitini, aliulizwa yeye ni wa wapi. Babu yake amezaliwa nchi hii, kaburi la babu wa babu yake liko nchi hii, na bado anaulizwa ni wa wapi. Haikuwa kwa ubaya, lakini iliingia mfupani. Alipojenga nyumba alitaka kwanza mti wa nchi, mghafu, ule aliokuwa akisimuliwa na wazee wake Unguja kwamba haufi kwa ukame. Yeye hajawahi kuuona. Akanunua mche kwa mtu barabarani. Ukakua upesi kupita kiasi, na majirani walipouona wakacheka: huu si mghafu, huu ni mghuwaifu, mti wa kuja, umeletwa juzi tu kutoka nchi za mbali. Harub hakusema kitu. Akaendelea kuumwagilia maji.

"Sasa wiki chache kabla hajafa, walikuja wakwe wa mwanangu Wael. Watu wazito, unawajua. Wanatoka, gari lao limetobolewa tairi kwa mwiba. Mie kwa aibu nikasema mbele yao wote, nacheka: mlaumuni mwenye nyumba, mtu asiyejua hata mti wa kwao. Wakacheka. Yeye hakucheka."

Alizungusha pete yake kidoleni.

"Hakunisema, Aflah. Angenisema ningemwomba radhi. Alikuwa ananiambia niletee maji, naleta, funga mlango, nafunga. Nikasema atapoa. Kisha ukamjia ule udhu. Na mie sikumwomba radhi. Sasa kila kinachotiwa chini ya mti wake kwa ajili yangu kinakufa. Wewe uliyesoma sana, niambie mwenyewe maana yake."

Hapo ndipo Aflah alipaswa kusema. Kwa sababu wakati shangazi yake anazungumza, kulikuwa na sauti nyingine iliyokuwa ikimjia masikioni, ya mwalimu wake wa mwaka wa pili, akieleza asubuhi moja ya uvivu kwamba iko miti inayotia sumu ardhi yake ili isishirikiane na mtu. Hutia kwa mizizi, na hutia zaidi kwa majani yanayooza. Aliuona uso wa mwalimu, aliuona ubao. Hakuukumbuka mti uliotajwa. Akajiambia kwamba si haki kumwambia mjane neno ambalo hana hakika nalo, na akasema tu, "Nitatazama, shangazi."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa pia mlango wa kukimbilia.

Kwao aliloweka majani na maganda ya mghuwaifu katika ndoo mpaka maji yakawa na rangi ya chai. Akatwaa sahani mbili za mama yake, akatandaza pamba, akatia mbegu za figili. Moja akaitilia maji ya bomba, nyingine yale maji ya majani.

"Unapika nini?" mama yake, Masouda, alimuuliza.

"Nafanya uchunguzi."

"Kwenye sahani za wageni."

"Nitaziosha."

"Utaziosha, na mie nitaziosha tena baada yako."

Figili za maji ya bomba zilichipua, zikasimama kama watoto kwenye foleni ya shule. Katika zile nyingine, chache zilitoa kijimzizi cheusi zikaishia hapo; zilizobaki hazikufumbua jicho. Aflah akarudia. Matokeo yakawa yale yale. Akarudia tena, na safari hii alijua kwamba hafanyi uchunguzi, anachelewa.

Alimweleza mama yake mambo ya mti, bila yale ya radhi. Masouda alizitazama zile sahani kwa muda.

"Usimwambie," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu Harub aliupenda mti ule. Mtu kafa hata kaburi halijakauka, weye uende kumwambia mkewe kwamba mumeo alipanda sumu. Acha atoke eda. Mimea ikifa imekufa, itapandwa mingine."

Neno lake lilikuwa na huruma ndani yake, na Aflah alilishika kama aliyeokota alichokuwa akikitafuta. Lakini moyoni alijua huruma ile si yake. Yeye alichoogopa ni kitu kidogo kuliko hicho. Aliogopa kusema kwamba Mhandisi aliyatia majani ya sumu kwenye udongo kwa mkono wake mwenyewe, akayafunika kwa samadi, na kuyaita chakula.

Ramadhani ikaingia. Kila Ijumaa alikwenda, na kila Ijumaa alimkuta shangazi yake amepungua. Hakulalamika. Alimpa maandazi ya kwenda kufuturia, akamuuliza habari za kazi, na macho yake yalikuwa mekundu. Mara moja alimkuta kwenye mswala, amekwisha kuswali, bado mikono ameinyanyua, na midomo yake inasema kitu kimoja tu tena na tena: niwie radhi, Harub, niwie radhi. Aflah alirudi nyuma taratibu, akavaa viatu, akaondoka na maandazi aliyowekewa mlangoni. Njiani yakawa yanamtazama kutoka kiti cha pembeni.

Sikukuu ya Idi wote walikusanyika kwa Bi Khole, kwa kuwa yeye hakuweza kwenda kwa mtu. Wael, mwanawe mkubwa, alikuja kutoka Mabela na mkewe. Halwa ikapita, kahawa ikapita. Wael alisimama dirishani akatazama ua, vijiti vya mawaridi, waya wa asumini usio na asumini.

"Mhandisi," alisema, "ulisema bustani au ulisema kuni?"

Watu wakacheka. Aflah naye akacheka.

"Haidhuru," Wael alisema. "Mama akitoka eda nitaleta watu waukate mti huu. Tutie sakafu, tupate mahali pa magari, na kivuli tutajenga cha bati."

"Haukatwi," Bi Khole alisema.

"Mama, si wewe uliyekuwa ukimwambia baba kila siku aukate?"

"Ndiyo maana. Nimeweka nadhiri, mwanangu, kwenye mwezi mtukufu. Maadamu nnapumua mti ule haukatwi, na kufagia nitaufagia mwenyewe, si Phyllis. Baba yako alinikasirikia kwa ajili yake, na hadi sasa ananionyesha. Labda akiona hivyo atanisamehe."

Mmoja akasema mashaallah, na wengine wakafuatia. Mke wa Wael akapangusa macho. Aflah aliirudisha halwa sahanini. Alimtazama mama yake ng'ambo ya chumba, na mama yake alikuwa akitazama kikombe chake.

Siku chache baadaye, katikati ya wiki, alikwenda peke yake. Alichukua zile sahani mbili za figili. Phyllis alimfungulia mlango.

"Leo si Ijumaa," alisema. "Kuna nani amekufa?"

"Hakuna. Phyllis, zile nyanya. Hazikufa kwa maji. Nilisema tu."

Phyllis alimtazama juu hadi chini. "Daktari wa miti, mimi nilijua ni uongo siku hiyo hiyo. Mtu akishika kidevu hivyo hajui kitu. Lakini huyo mama aliniambia sijui kushika mpira, na mimi nimekuzwa shambani Nakuru. Hiyo iliniuma."

"Nisamehe."

"Khalas, yameisha. Ingia. Ila umwambie yeye, si mimi."

Bi Khole alikuwa amekaa, kiti bado kimeligeuzia dirisha mgongo. Aflah aliziweka sahani mezani, na kabla hajakaa akaanza kueleza. Alianza na mwalimu, akaendelea na mizizi, akafika kwenye majani. Hapo akasema yote: kwamba yeye ndiye aliyeyakata, ndiye aliyeyafukia, na kwamba hata kama mti ungeiacha ile mimea iishi, yeye asingeiacha.

Bi Khole aliivuta sahani ya pili. Akaokota mbegu moja iliyooza kwa ncha ya ukucha.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu Ramadhani haijaingia."

"Na mie nilikuwa nishakwambia yangu."

"Ulikuwa ushaniambia."

"Ukaniona nikilia."

"Nilikuona, shangazi."

"Ukachukua maandazi yangu."

"Nilichukua."

Alinyamaza kwa muda mrefu hata Aflah akasikia kisu cha Phyllis kikikata kitunguu jikoni. Angemkemea ingekuwa nafuu. Alifikiri juu ya Ami Harub na ukimya wake, akaona jinsi mtu anavyoweza kuadhibiwa na asiyesema.

"Kwa hivyo Harub hana kinyongo na mie," Bi Khole alisema mwisho.

Lilikuwa swali, ingawa halikuulizwa kama swali. Aflah alitamani kusema ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa pale kwenye ulimi, tamu, na lingemponya yeye kabla ya kumponya shangazi yake. Lakini alikuwa ameshaona neno la namna hiyo linavyoota.

"La Ami Harub mimi silijui, shangazi. Nalijua la mti tu. Mimea haikufa kwa sababu yako. Zaidi ya hapo sijui."

Bi Khole alitikisa kichwa taratibu. Kisha akacheka, kicheko kifupi, na machozi yakamtoka pamoja nacho.

"Basi nilisema kweli siku ile. Tena mti wenyewe mbaya kuliko nilivyousema. Unaona balaa hiyo? Ningekuwa nimekosea ningetubu, yakaisha. Kumbe haki ilikuwa yangu, nikaichukua nikampiga nayo mbele za watu." Alijipangusa kwa ushungi. "Mie nimekesha Ramadhani nzima namwomba radhi mghuwaifu."

"Kosa ni langu. Ningesema mapema—"

"Ni lako. Sikukatalii."

Aflah aliisogeza ile sahani pembeni.

"Nadhiri yako, shangazi. Uliiweka kwa sababu hukujua. Tunaweza kumuuliza sheikh. Labda ina kafara yake, ukalisha masikini, na Wael akaukata mti."

Bi Khole alikigeuza kiti chake. Ilimchukua juhudi, kwa kuwa kilikuwa kizito na hakutaka kusaidiwa. Akautazama mti.

"Nadhiri ni yangu na Mungu wangu. Na Harub aliwahi kuniomba kitu kimoja juu ya mti ule, kwamba niuache. Sikumpa alipokuwa hai. Haukatwi."

"Basi chini yake hapataota kitu."

"Nani kasema hapataota kitu?"

"Mimi nasema. Sumu itabaki."

"Weye umesema ulichokipanda hakikuota. Dunia nzima ya Mungu haina majani ila asumini na nyanya? Umesoma au hukusoma? Umenifungia mti huu kwa kunyamaza kwako, Aflah. Sasa nitafutie wanaoweza kukaa nao."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, na haikuwa na fahari kama ile ya kwanza. Aliyafukua majani yote aliyoyafukia, akayatia kwenye magunia, akayapeleka jaani. Safari hii kila kilichodondoka kiliondolewa. Akachukua udongo wa pale chini akaujaza kwenye makopo ya maziwa, na katika kila kopo akatia mche mmoja, akayapanga kwenye ukuta wa kwao. Masouda aliyahesabu makopo yake, akasema ukoo wake sasa una mwendawazimu rasmi. Ipo iliyokufa upesi. Mingine ilikufa pole pole, na hiyo ilimuumiza zaidi kwa sababu ilimpa matumaini. Mshubiri ulinenepa kama uliokuwa ukiungoja udongo ule. Mhina ulitikisika, ukaangusha majani, ukatoa mengine. Mbugenvilia ulisimama. Mingine alisoma vitabuni kwamba itaweza, na haikuweza, na aliacha kuapa kwa vitabu.

Kila Ijumaa alimpelekea Bi Khole habari, na sharti lake lilikuwa moja, habari mbaya zitangulie.

"Wepi wamekufa?"

"Mnanaa. Na bizari."

"Mwenyezi Mungu awarehemu. Wepi wazima?"

Katikati ya Februari Bi Khole alitoka eda. Alioga, akavaa kanga mpya, wanawake wakaja, uvumba ukafuka. Kesho yake, safari yake ya kwanza nje ya nyumba haikuwa kwa mtoto wala kwa ndugu. Alimwambia Aflah ampeleke kwenye kitalu cha miche.

Kule alitembea polepole kati ya vyungu, mkono umeshika buibui lisichafuke, anauliza kila mche kama anayetafuta mchumba.

"Huyu?"

"Huyo ataanguka, shangazi."

"Huyu? Ana uso mzuri."

"Sijamjaribu. Sijui."

"Umekuwa na sijui nyingi siku hizi."

"Ndiyo."

"Bora. Mchukue mmoja, tumjaribu." Akasimama mbele ya mchaichai, akavunja jani, akalinusa, akafumba macho. Manukato yalikuwa yameshahalalika kwake. "Na huyu?"

"Kwenye kopo ameishi. Kwenye ardhi sijui."

"Mchukue."

Alichukua pia mishubiri na mihina na mbugenvilia mmoja wa rangi iliyokoza mno kwa mjane, akasema rangi ni ya mti, si yake. Wael alipoona akasema bustani hiyo inafaa mbuzi. Mama yake akamwambia alete mbuzi basi.

Walipanda wote wawili, Aflah akichimba, Bi Khole akishikilia mche wima na kumwambia umekaa upande. Phyllis alimwagilia maji kwa mpira, kwa madoido, akiwatazama wote wawili usoni. Asubuhi asubuhi Bi Khole alitoka na ufagio wake, akayafagia majani na maganda kuanzia kwenye shina hadi nje. Phyllis alisema alimsikia akizungumza na mtu. Anasema nini, Aflah hakuuliza. Hata yeye mwenyewe, akisimama pale, hakuwa na raha ya mtu aliyesamehewa. Shangazi yake hajawahi kutamka kwamba amemsamehe, na yeye hajawahi kuomba kwa maneno hayo, kwa sababu kila alipotaka kuomba aliona anamtaka ampe kitu tena.

Aprili joto lilirudi. Ijumaa moja Aflah alifika, akapita uani kabla ya kuingia ndani, na akaona mchaichai umeanza kukauka ncha. Majani matatu manne, rangi ya udongo. Ndani Bi Khole alikuwa na wageni, akina mama wa mtaani, na kwa sauti iliyopenya dirishani alikuwa akiwaambia kwamba mpwa wake ameotesha bustani chini ya mghuwaifu, jambo ambalo halijapata kuonekana Bawshar.

Alivua viatu akaingia. Wageni wakajifunika vizuri, wakamkaribisha, mmoja akasema huyu ndiye Mhandisi mwenyewe.

"Shangazi," alisema, hajakaa, hajapokea kahawa, "mchaichai unakauka."

Bi Khole akaweka kikombe chini.

"Kwa nini?"

"Sijui. Inaweza kuwa mti. Inaweza kuwa joto. Inaweza kuwa mimi."

Bi Khole alimtazama mbele ya wale wageni wote, kisha akanyanyua ushungi wake akautupia begani, akatia mguu kwenye ndara.

"Twende tukautazame," alisema.